Fundi amezima onyo la cheti cha usalama. Niendelee hivyo?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina stesheneri hapa Morogoro, tunachapa na kuwajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira mtandaoni. Kompyuta moja ya mezani, umeme ukikatika usiku, asubuhi Chrome inakataa karibu kila tovuti. Inasema muunganisho wako si wa faragha, na chini pameandikwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Fundi alikuja akarekebisha ile alama ya Chrome ya kwenye desktopu, onyo likaisha, ila sasa juu unatokea mstari wenye maneno --ignore-certificate-errors, nami huufunga tu. Kompyuta ya pili aliiwekea "cheti" alichokuja nacho kwenye flashi. Kuna shida nikiendelea hivi? – Mama Stesheneri, Morogoro.

JIBU: Shida ipo, dada, na ni kubwa kuliko ile iliyokufanya umwite fundi.

Kompyuta ya kwanza inaumwa betri. Ndani, kwenye madabodi, kuna betri bapa ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoendesha saa mashine inapokosa umeme. Ikichoka, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake kwa kivinjari, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, kwa hiyo mashine inayodhani tuko 2012 inaona cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika, na inakikataa kwa haki kabisa. Jibu lilikuwa pale pale kwenye neno DATE, na pembeni chini ya skrini palipo na tarehe. Betri hiyo utaipata hata kwa mtengeneza saa. Ukishaibadilisha, weka kwanza tarehe kwa mkono, maana saa iliyopotea kwa miaka mara nyingi Windows haiwezi kuisawazisha yenyewe, halafu washa saa ya kujirekebisha kwa mtandao. Angalia na ukanda wa saa: wetu kwenye orodha ya Windows umeandikwa Nairobi, UTC+03:00. Wengi huacha ukanda wa Marekani uliokuja na mashine, wakasogeza mishale tu mpaka ilingane na saa ya ukutani. Kwa macho saa iko sawa, lakini hesabu ya ndani imepishana kwa saa nyingi.

Hiyo ndiyo kazi aliyopaswa kufanya fundi wako. Uone alichofanya badala yake: bofya alama ile ya Chrome kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, usome kisanduku cha Target. Baada ya chrome.exe utakuta yale maneno --ignore-certificate-errors. Hayo yanakiamuru kivinjari kisijali kosa lolote la cheti, kwenye tovuti yoyote. Hakugusa saa wala betri. Amekunyamazishia mlinzi, na Chrome yenyewe inakuambia kila ukiifungua, kwa ule mstari unaoufunga.

Hapa ndipo mafundi wengi huniambia, "Lakini bado ni https, data imefichwa." Nimechoka kulisikia hili. Kuficha data ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua unayezungumza naye ni nani, na hiyo ndiyo kazi ya cheti: kinathibitisha kwamba seva iliyojibu ni ya jina lile uliloandika juu, na kwamba mamlaka ya vyeti, yaani taasisi inayotambuliwa kutoa vyeti, imelithibitisha. Ukiondoa ukaguzi huo, unafunga bahasha kwa lakiri halafu unamkabidhi yeyote aliyebisha hodi. Mtu akiingia kwenye ruta yako ambayo nywila yake haijabadilishwa tangu inunuliwe, akaelekeza jina la benki kwenye seva yake, kivinjari ambacho ukaguzi wake haujazimwa kingekataa. Chako kitafungua ukurasa wake kama kawaida, na mteja wako ataandika namba ya NIDA, nywila ya barua pepe na kila kitu.

Futa alama hiyo, na ile ya chini kwenye upau kama nayo aliitengeneza, kisha ufungue Chrome kutoka menyu ya Start.

Kompyuta ya pili inanitisha zaidi. Mtu anapokuwekea cheti kikuu, yaani kile ambacho kompyuta hukitegemea kuamini vyeti vingine, mwenye ufunguo wa siri wa cheti hicho anaweza kutengeneza cheti cha tovuti yoyote duniani na mashine yako ikakiamini, bila onyo, bila mstari wowote juu. Februari 2015 iligundulika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyoweka cheti kikuu chake. Ufunguo wake wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na watafiti waliutoa ndani ya programu yenyewe. Hapo kila mwenye mashine hiyo alikuwa wazi kwa yeyote. Kama kampuni kubwa ilipitisha kitu hicho, cha kwenye flashi ya fundi kimetoka wapi? Usianze kufuta vyeti kwa kubahatisha kwenye certmgr.msc, dirisha la Windows la kusimamia vyeti, unaweza kufuta vya halali. Hifadhi mafaili yako, Windows iwekwe upya na mtu mwingine, na nywila zote zilizopita kwenye kompyuta hizo mbili zibadilishwe kutoka kwenye simu yako kwa bando lako. Waambie na wateja wabadilishe zao.

Siku hizi kila mtaa una anayefundisha kuruka onyo: bonyeza Advanced, bonyeza Proceed, umemaliza. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitengenezea cheti cha google.com, na kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran alipata onyo kwenye Chrome alipotaka kufungua Gmail. Hakuliruka, aliuliza hadharani. Ndani ya siku chache vivinjari vikaacha kuiamini DigiNotar, na Septemba ikafilisika. Mtu yule angekuwa na fundi kama wako, asingeona chochote.

Wanaoniudhi kuliko mafundi ni ofisi. Cheti cha tovuti yao kimeisha muda, na badala ya kukihuisha wanabandika tangazo: "Ukiona onyo, endelea." Wanawazoesha maelfu ya watu kupuuza kitu pekee kitakachowaokoa siku watakapokutana na tapeli. Let's Encrypt, nao ni mamlaka ya vyeti, wanatoa vyeti bure, vya siku 90, na programu kama Certbot inavihuisha yenyewe. Tena muda unazidi kufupishwa: kuanzia 15 Machi 2029 hakuna cheti cha tovuti kinachoaminiwa na vivinjari kitakachotolewa kwa zaidi ya siku 47, kwa hiyo anayehuisha kwa mkono atachelewa kila mara. Anayesimamia tovuti ya ofisi na akaandika tangazo la namna hiyo, aliondoe leo, cheti kiwekwe kabla mtu mwingine hajaombwa nywila yake pale.