Jirani Akikuuliza Kama Ataenda Motoni

Nimeokoka, naishi South C, Nairobi, na mlango unaotazamana na wangu ni wa familia ya Kiislamu. Swali la wokovu kwa Yesu peke yake kwangu si la darasani. Linanikuta kwenye ngazi, nimebeba mboga.

Usiufiche msimamo wako. Lakini kwanza ujue unachokisema. Wengi wetu tunaohudhuria ibada za saa saba mchana pale mjini tunaikariri Yohana 14:6: "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima, mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Ni wachache wanaokumbuka yalisemwa lini. Ilikuwa usiku wa chakula cha mwisho, Tomaso amelalamika kwamba hawajui Bwana anakokwenda, sembuse njia. Anajibiwa rafiki mwenye hofu. Mhubiri wa matatu anayewarushia abiria mstari huohuo kama jiwe, kisha akaomba sadaka kabla hajashuka Pangani, mimi hanibariki hata kidogo.

Wale wa "dini zote ni moja" nao wananichosha zaidi. Petro alisema waziwazi, Matendo 4:12, kwamba hakuna wokovu katika mwingine awaye yote. Na jirani yangu anajua vizuri kwamba Kurani inakana Yesu kuwa Mwana wa Mungu. Tukijifanya hatutofautiani, tutakuwa tunadanganyana tu.

Ramadhani moja aliniletea sahani ya sambusa na kaimati. Akasita mlangoni, akauliza, "Dadangu, kwani nyinyi mnasema sisi sote ni wa motoni?"

Nikamwambia, "Mimi naamini Yesu ndiye anayeokoa, simjui mwingine. Lakini hukumu sikupewa mimi."

"Hata sisi hukumu tunamwachia Mwenyezi Mungu," akasema, kisha akanieleza kwa nini anaona nimepotea. Tuliongea mpaka kaimati zikapoa. Sahani niliirudisha kesho yake na maembe, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Watoto nao watakuuliza: na wale ambao hawakuwahi kumsikia Yesu? Hapa Wakristo wenyewe hawasemi lugha moja. Cyprian, askofu wa Carthage katika karne ya 3, alishika kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati ya Lumen Gentium ya 1964, ukafundisha kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, lakini anamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuokolewa. Na hata huyo, kwa neema ya Kristo. Waevanjeliko, yaani Waprotestanti wa kiinjili, waliokutana Lausanne, Uswisi, mwaka 1974 walitamka kwamba Mwokozi ni mmoja na Injili ni moja, na wengi wao hawaukubali mlango ule wa Wakatoliki. Muulize mchungaji wako kanisa lenu linasimama wapi kabla mtoto hajakubana.

Halafu kuna matanga. Nimewahi kumsikia mhubiri kwenye mazishi Lang'ata akidokeza kwamba marehemu hakuokoka, mama mzazi ameketi mbele yake. Ukipewa nafasi kwa wafiwa, soma zaburi, omba, keti. Mwenye swali atakutafuta mkinywa chai, na hapo mjibu kama Petro anavyoagiza katika waraka wake wa kwanza, 3:15: kwa upole na kwa hofu.