Kwa mnaoanza zamu ya taarifa za korosho: grupu la WhatsApp si ghala

Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida mwezi Oktoba, simu za Newala, Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hazinyamazi. Inaingia skrinishoti ya bei, inafuata sauti ya mtu asiyejulikana akisema mnada umeahirishwa, kisha picha ya tangazo iliyokatwa pembeni mpaka tarehe haionekani. Kazi mnayoipokea ni kukusanya vitu hivyo, kuvichuja, kuvipanga na kuvirudisha kwa wakulima vikiwa vimethibitishwa. Mkulima akipewa bei ya uongo hukata tamaa na mnada, akaishia mikononi mwa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo. Ndiyo maana tunasisitiza mambo yanayoonekana madogo.

La kwanza ni kujua kipi kinakaa wapi. Grupu la WhatsApp hubeba hadi watu 1,024 na hufikisha habari upesi kuliko kitu kingine tulichonacho, lakini ni barabara tu. Ujumbe wa asubuhi hufunikwa kabla ya adhuhuri. Waweza kubandika juu ujumbe mpaka tatu, na muda mrefu kabisa wa kubandika ni siku 30. Kama kuna aliyewasha ujumbe wa kutoweka, kila kinachotumwa tangu hapo huondoka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwa hiyo kila kinachofaa kutunzwa kitolewe humo siku ileile, kiingizwe kwenye jedwali la pamoja la Google Sheets, na faili lake liwekwe kwenye folda ya Google Drive. Hapo ndipo ghala letu lilipo.

Kama vile korosho haikai ghalani bila stakabadhi, taarifa haiingii kwenye jedwali bila vitu vinne: imesema nini kwa sentensi moja, imetoka wapi, ya tarehe gani, na nani kati yetu ameithibitisha. Tarehe inayotakiwa ni ya tukio lenyewe, si ya siku ulipotumiwa. Tangazo la msimu uliopita hurudi kila mwaka likiwa limevaa nguo mpya, na watu hulipokea kwa sababu tu limefika leo.

Kuthibitisha maana yake ni kurudi kwenye chanzo. Matokeo ya mnada yatafutwe kwenye chama kikuu cha ushirika kinachohusika: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa ukanda wa Lindi na Kilwa. Ushauri wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na wa salfa inayopuliziwa dhidi yake utoke kituo cha utafiti cha TARI Naliendele au kwa afisa ugani, si kwa muuza dawa. Ukimpigia katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, msalimie vizuri kwanza, kisha uliza mambo matatu tu: bei ya juu, bei ya chini, na kilo zilizouzwa. Andika anavyokujibu, kisha umsomee tena. Simu ya vijijini hukatika katikati ya tarakimu.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuandika bei ya mnada kana kwamba ndiyo malipo ya mkulima. Hapo katikati kuna makato: ushuru wa halmashauri, fedha za chama, ghala, usafirishaji. Mkulima akiona kwenye akaunti pesa pungufu kuliko ulivyotangaza, atasema ameibiwa, na wewe ndiye uliyemwambia. Weka safu mbili tofauti, moja ya "bei ya mnada" na nyingine ya "malipo baada ya makato", na hii ya pili iachwe tupu mpaka chama kitoe hesabu yake. Korosho za daraja la kwanza na la pili nazo zisichanganywe kwenye mstari mmoja.

Sasa jedwali lenyewe, ambapo wageni wengi hukwama. Faili jipya mara nyingi huja na mipangilio ya Marekani, inayosoma mwezi kabla ya siku. Ukiandika 5/11/2025 ukikusudia tarehe tano Novemba, jedwali linaelewa Mei 11. Ukiandika 13/11/2025, halipati mwezi wa kumi na tatu, basi linaiacha kama maandishi matupu. Matokeo yake, nusu ya tarehe zako ni za uongo na nusu si tarehe kabisa, na kwa kutazama haraka zote zinaonekana sawa. Kabla hujaingiza chochote, fungua mipangilio ya faili, badilisha eneo (locale) liwe linalotanguliza siku. Ukibadilisha baadaye, zile zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi. Itabidi uzipitie moja moja.

Kilo nazo ziandikwe tarakimu tupu. Ukiweka "1250 kg" ndani ya kisanduku, hayo ni maandishi, na jumla chini ya safu itayaruka bila kukuambia. Dalili yake ni hii: namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Pitisha jicho chini ya safu, chochote kilichokaa kushoto kishuku. Neno "kilo" liandikwe mara moja kwenye kichwa cha safu. Kwa namba za simu ni kinyume chake. Safu hiyo igeuzwe kuwa ya maandishi kabla ya kujaza, la sivyo sifuri ya mwanzo inadondoka.

Usipange safu moja peke yake. Ukipanga majina ya vijiji kwa alfabeti huku kilo zimebaki palepale, Mahuta inabeba korosho za Kitangari na hakuna atakayegundua mpaka siku ya kulalamika. Ukitaka kujitazamia kwa mpangilio wako, tumia mwonekano wa kichujio (filter view), unaokuonyesha wewe bila kuwavurugia wenzako. Jedwali likiharibika, msianze kulitengeneza kwa kubahatisha. Fungueni historia ya matoleo (version history), tafuteni saa ambayo jedwali lilikuwa zima, mrudishe hapo. Aliyeharibu asifichwe wala asiaibishwe. Aseme mapema, maana kila mstari unaoongezwa baada ya kosa unafanya kurudi nyuma kuwe kugumu zaidi.

Faili zipewe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jambo na mahali: 2025-05-20_ubwiriunga_newala. Zikijipanga kwa alfabeti zitakuwa zimejipanga kwa tarehe pia. Picha ya jedwali la bei itumwe kama hati, isitumwe kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana na 3 ikafanana na 8. Sauti iandikwe kwa maneno, kwani sauti haitafutiki.

Kiungo cha jedwali mkikitupa kwenye grupu, kiwe cha kuona tu. Kuhariri wapewe watu watatu au wanne kwa anwani zao za barua pepe. Na faili limilikiwe na akaunti ya kikundi, isiwe ya mtu binafsi: mwenye akaunti akiifuta, faili linaondoka naye. Akaunti ya bure ina GB 15, zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na faili zote. Kilichotupwa kwenye pipa la taka hukaa siku 30 tu. Kila mwezi pakueni nakala ya jedwali mweke kwenye kompyuta ya ofisi. Pocket, iliyotumiwa na watu wengi kuhifadhi kurasa za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 8, 2025, na aliyekuwa ameweka kila kitu humo alilazimika kuhama.

Majina ya wakulima, simu zao na kilo zao yakae kwenye faili la peke yake, lisilo na kiungo cha wazi. Hilo ni la heshima, na pia ni la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho wa wiki taarifa inarudi kijijini, na wazee wengi wana simu za kitochi. Ujumbe mmoja wa SMS ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka emoji moja tu, zinashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande na gharama inapanda. Alama ya ritifaa iliyopinda hufanya vilevile, ile ambayo kompyuta huiweka yenyewe unapoandika Ng'apa. Ifuteni, muweke iliyonyooka, kisha mhesabu herufi kabla ya kutuma. Mpangilio unaotosha ni chama, tarehe ya mnada, bei ya juu, bei ya chini, halafu maneno "kabla ya makato".