Mke wangu alitibiwa UTI miaka miwili, kumbe ni kichocho

Mkuu, umesema shemeji huu ni mwezi wa saba anateseka, haja ndogo haimpi nafasi, mkojo unamchoma, kila akipimwa anaambiwa UTI, akimaliza dozi hali inarudi palepale. Nimemwona mke wangu kabisa.

Sisi tulihangaika miaka miwili. Usiku anaamka mara tano, sita. Tukisafiri kwenda kwao Maswa anaacha kunywa maji tangu jana yake, na bado basi halijafika Morogoro ameshamwomba konda wasimame akachimbe dawa. Safari moja abiria walinung'unika, akarudi kwenye siti amejifunika kanga usoni, analia. Kabatini tulikuwa na mfuko mzima wa maboksi ya antibayotiki: sipro, azuma, doksi, hadi sindano za siku tano. Zahanati moja wakasema ni zinaa, tutumie dawa wote wawili. Tukatumia. Jioni ile hatukusemezana, kila mmoja anamwaza mwenzake vibaya. Hilo linaniuma mpaka leo, maana hakuna aliyekuwa amekosa.

Mwanga ulianza tulipoomba mkojo uoteshwe, yaani maabara waone kama kuna bakteria watakaoota. Chembe za usaha zipo, damu kidogo ipo, bakteria hakuna. Tukarudia, vilevile. (Hakikisha shemeji hajameza antibayotiki siku hizo, zinaficha majibu.) Ukifika hapo, acha kununua dozi nyingine dukani, tafuta daktari bingwa wa mfumo wa mkojo.

Wa kwetu hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza, "Mama, umekulia wapi? Mlikuwa mnaoga wapi?" Mke wangu akasema lamboni, na majaruba ya mpunga ameyalima tangu mdogo. "Uliwahi kukojoa damu?" Akajibu ndiyo, akiwa darasa la nne, na wenzake wengi tu, bibi yao akasema itaisha yenyewe. Nimeishi naye miaka kumi na moja, sikuwahi kulisikia hilo. Tanzania inatajwa ya pili Afrika kwa kichocho baada ya Nigeria, halafu mtu anatibiwa UTI mara kumi bila kuulizwa alikulia wapi!

Akaagiza mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi. Sisi siku zote tulipeleka wa alfajiri. Tena apande na kushuka ngazi kwanza. Siku ya kwanza hola, ya pili hola. Ya tatu mtu wa maabara akaniita nichungulie kwenye hadubini: yai la mviringo mrefu, lina mwiba mmoja nchani. Nilisimama pale nimeshika meza.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Yeye ana kilo 60, akameza vidonge vinne vya 600 kwa mara moja, ameshiba. Kizunguzungu kilimshika hadi jioni. Usitegemee nafuu wiki hiyohiyo: dawa inaua minyoo, lakini mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu yanaacha makovu. Alirudia dozi, akapigwa ultrasaundi ya figo kwa sababu makovu hayo huweza kuziba mirija ya mkojo. Ilipita miezi. Sasa anaamka mara moja, siku nyingine haamki kabisa.

Sisemi shemeji ana kichocho. Kifua kikuu cha figo nacho huleta usaha bila bakteria kuota kwenye kipimo cha kawaida. Kuna mawe, kuna sukari, kuna kibofu kinachouma tu bila kijidudu chochote. Ila akiona damu kwenye mkojo, komaeni mpaka aingizwe kamera kibofuni, maana kichocho cha muda mrefu huweza kuleta saratani. Na hata kikiwa kichocho, hakuambukizwa na mtu kitandani, kinapatikana majini. Mwambie hivyo mapema, kabla hamjaanza kutazamana kama sisi.

Nijibu mawili: shemeji alikulia wapi, na mkojo wake umewahi kuoteshwa?