Notisi ya Hakimiliki Ikifika, Isome Kwanza

Wewe unayeanza kazi kwenye dawati la malalamiko la kampuni ya kuhifadhi tovuti, utaambiwa mapema sana: notisi ikija, yaani barua ya kudai kuwa ukurasa wa mteja una kazi iliyoibwa, zima ukurasa. Nami niliambiwa hivyo. Wiki ya tatu nikazima habari ya mwandishi mmoja kuhusu zabuni ya kaunti. Mlalamikaji alidai habari ni yake, akaleta blogu yenye tarehe ya nyuma kama ushahidi. Sikuangalia jina la kikoa cha blogu hiyo, yaani anwani yake ya mtandaoni, lilisajiliwa lini. Lilikuwa na siku nne. Tulipoirudisha ile habari, zabuni ilishatolewa.

Elewa haraka hiyo inatoka wapi. Seva zetu nyingi ziko Marekani, na sheria ya hakimiliki ya huko ya 1998, DMCA, humkinga mwenye seva asidaiwe fidia ikiwa ataondoa upesi anacholalamikiwa. Kenya nayo, tangu marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019, inatoa saa 48 za kuondoa. Kuzima hakumgharimu bosi wako kitu; kuuliza maswali kunaweza kumpeleka kortini.

Watu hukumbuka Januari 18, 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilipojizima siku nzima kuupinga SOPA, mswada wa Marekani wa kuzuia wizi wa kazi za watu mtandaoni, na mswada ukawekwa kando siku mbili baadaye. Mimi naona notisi hizi ndogo zinaziba midomo zaidi, kwa sababu hakuna anayeziona. Na sisemi uharamia wa kazi za watu ni hadithi: notisi nyingi nilizopokea zilikuwa za haki, za filamu na muziki wa watu.

Kwa hiyo kagua: kazi iliyoibwa imetajwa? Kiungo ni kimoja au tovuti nzima? Aliyetia sahihi ana mamlaka ya mwenye kazi? Hifadhi nakala ya ukurasa, kisha mwandikie mteja saa hiyohiyo.

Mteja akitaka kupinga chini ya DMCA, ukurasa hurudi baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, mlalamikaji asipofungua kesi. Lakini fomu ya pingamizi inataka jina, anwani na simu yake, na akubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Nakala humfikia mlalamikaji. Mwandishi anayejificha atakuwa amempa anayemwinda ramani ya nyumbani. Mweleze hilo kabla hajaijaza.