Shangazi Anajibu: Mkate wa Sekhmet, nakula au natupa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nipo Las Vegas, kazi yangu kutunza wazee, shifti za usiku. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alinipeleka kwenye kile kihekalu cha Sekhmet, yule mungu wa kike wa Misri ya zamani, huko jangwani Cactus Springs, nikakaa mbele ya sanamu ya yule mama mwenye kichwa cha simba nikalia weee, sijui hata kwa nini. Tangu hapo nimemweka nyumbani, kasanamu kadogo juu ya kabati na mshumaa. Sasa naogopa, nasikia ni mungu wa vita na maradhi na aliwahi kutaka kuwamaliza binadamu wote. Na mkate na maji ninayomwekea sijui nifanye nini baadae, nakula au natupa? Pombe pia mi situmii. Alafu ni lazima nijiunge na kundi? – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mkate manake ndo watu wengi wanapokwama: kula. Usitupe kabisa. Huko Misri ya zamani chakula kilipowekwa mbele ya mungu, yeye akishapata sehemu yake, kiliondolewa kikagawiwa makuhani, na ndo ilikuwa riziki yao, familia zao zilikula hapo. Kwa hiyo weka, sema naye, subiri kidogo kisha kaa ule taratibu, hiyo nayo ni sehemu ya ibada, mnakula pamoja. Mimi maji namwekea asubuhi kabla sijagusa simu, nikimaliza nayanywa. Bia si lazima, wengi tunaomfuata siku hizi tunaweka juisi ya komamanga au rozela, ile nyekundu, na sababu ya wekundu utaiona sasa hivi.

Hiyo hadithi uliyoisikia ipo kweli, imechorwa kwenye kaburi la mfalme Seti wa Kwanza, na sehemu yake ipo kwenye sanduku moja kubwa lililopakwa dhahabu la mfalme Tutankhamun. Ra, mungu jua, amezeeka, watu wanampangia njama, anatuma Jicho lake, yaani nguvu yake yenye umbo la mungu wa kike, Hathor binti yake, anashuka na kwenye ile hasira ndo Sekhmet anatokea, anaua watu huko jangwani mpaka Ra mwenyewe anaona basi, imetosha, lakini Sekhmet ataachaje na ameshaonja damu? Ndo usiku ule ikapikwa bia mitungi 7,000, ikatiwa udongo mwekundu, ikamwagwa mashambani, alfajiri yeye akadhani damu akanywa akalewa akatulia, watu wakapona. Wengi wanaishia kwenye kuua. Mimi naomba usome mpaka mwisho, anatulizwa, na anatulizwa kwa kupewa kitu. Wamisri walimwogopa kweli, zile siku tano za ziada mwisho wa mwaka walivaa hirizi za kitani shingoni na kusoma maneno ya kumsihi asiwarushie mishale yake ya maradhi. Lakini ni yeye huyo huyo waliyemwendea wakiumwa, kwa sababu anayeleta ugonjwa ndo anayejua kuuondoa.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri wewe wa shifti za usiku. Makuhani wa Sekhmet walikuwa watu wa tiba. Kuna karatasi ya utabibu inaitwa Ebers, ya miaka kama 1550 kabla ya Kristo, ipo Leipzig Ujerumani, inasema tabibu au kuhani wa Sekhmet akiweka vidole vyake kichwani, mikononi, popote pale kwa mgonjwa, anausikia moyo, kwa sababu moyo unasema kupitia mishipa ya kila kiungo. Sasa we saa tisa usiku umemshika bibi wa watu mkono unahesabu mapigo yake, hiyo kazi ni ya nyumba ya Sekhmet tangu enzi hizo! Mi sishangai ulilia. Ukiwa na hasira za kazini, na najua zipo, mpelekee yeye, mwambie kama ilivyo, anazijua hasira kuliko mtu yeyote.

Kabla ya kusali nawa mikono na usukutue mdomo. Wao walitumia natroni, ambayo ni ndugu kabisa wa magadi yetu, huko uliko chemsha tu chumvi na bekingi soda kwenye maji mpaka yakauke, ile chumvi inayobaki inatosha. Ubani choma kidogo, kama una chetezo kutoka nyumbani tumia hicho, ila angalia kengele ya moshi ya apatimenti.

Kundi si lazima. Watu wa kawaida zamani hawakuingia ndani ya hekalu, walisali nje getini, wengine wakaweka vijiwe vimechongwa masikio ili mungu awasikie. Ukitaka wenzako, Kemetic Orthodoxy ya Tamara Siuda, dini ya siku hizi inayofuata miungu ya Misri, ipo hapo Marekani tangu 1988, wana utaratibu wao wa ibada ya nyumbani unaitwa senut. Fellowship of Isis, ushirika wa wanaomheshimu mungu wa kike, ulioanzishwa Ireland 1976, haukudai uache dini yako. Hicho kihekalu chenu nacho kilijengwa na mwanamke mmoja, Genevieve Vaughan, alimwahidi Sekhmet akiwa Misri miaka ya sitini kwamba akipata mtoto atamjengea, akapata, na 1993 akatimiza. Rudi huko ukipata ofu.

SWALI: Shangazi, nipo Muscat, nina paka wa shaba niliyemnunua Cairo, nikimwomba Sekhmet mbele yake ni sawa? Si ni mmoja na Bastet, yule mungu wa kike mwenye umbo la paka? – Msomaji

JIBU: Wako karibu sana ila kila mmoja ana kwake. Bastet mji wake ni Bubastis, siku hizi Tell Basta karibu na Zagazig, na mwanzoni naye alikuwa simba, upaka ulikuja baadae. Sekhmet ni wa Memphis, mji wa kale wa Misri, mke wa mungu Ptah. Huko kwenye hekalu la Philae, kusini mwa Misri, kuna maneno yanasema mungu wa kike akikasirika ni Sekhmet, akifurahi ni Bastet, ndo watu wanawachanganya. Paka muachie Bastet, Sekhmet mtafutie hata picha uiprinti, wengi wameanza na picha tu na mpaka leo wanayo.