Kabla Hujaweka Herufi za Miraba kwenye Bango Lako

Wateja wengi wa Kariakoo wanaotaka bango la duka la simu au tisheti za kikundi huniletea picha ya herufi nene zilizojengwa kwa miraba, zile zinazokumbusha mashine za gemu za miaka ya 1980. Sizikatai, kwa kuwa zikikaa vizuri abiria huzisoma hata daladala likiwa halijasimama. Ila kwanza huuliza jina lina herufi ngapi.

Mashine za gemu za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, hivyo herufi iliwekwa ndani ya nukta 8 kwa 8, na kwa sababu hiyo I hula nafasi sawa na M. Fonti ya Press Start 2P, inayopatikana bure na kuruhusiwa kwa kazi za biashara, imefuata mtindo huohuo. Sasa chukua bango la fleksi lenye upana wa mita 3: neno SIMU linaweza kupata sentimita 75 kwa kila herufi, kimo cha fleksi kikiruhusu, lakini TUNAREKEBISHA, lenye herufi 13, linabaki na sentimita 23 tu. Kiswahili hupachika viambishi mbele na nyuma ya kitenzi, na fonti hizi hazijui kubana. Kwa hiyo jina la duka liandike kwa miraba, kisha huduma na namba ya simu uziweke kwa fonti ya kawaida; ukiwa ng'ambo ya barabara, 6, 8 na 9 za miraba hufanana mno, na mteja atampigia mtu mwingine.

Jaribu pia herufi zako mwenyewe, wala usiridhike na maneno ya Kiingereza ya kwenye sampuli. Andika MWANANYAMALA uone kama M na W zimeziba katikati. Andika NG'OMBE: mara nyingi kile kidole cha juu (') hupewa mraba mzima, na neno moja likaonekana mawili.

Mholanzi Wim Crouwel, aliyebuni fonti ya New Alphabet mwaka 1967 kwa ajili ya skrini za enzi hizo, alikubali baadhi ya herufi zisisomeke kirahisi, na mwenyewe aliiita kazi ya nadharia. Muuza vocha hana anasa hiyo.

Kwenye skrini, tumia ukubwa wa nukta (pikseli) unaogawanyika kwa 8, kama 16, 24 au 32, la sivyo kingo zinapata ukungu. Kwa mchapaji, geuza maandishi yawe michoro ya mistari (outlines) kabla ya kutuma faili. Ukimpelekea picha iliyopita WhatsApp, pembe zitakuwa zimelegea, na uzuri wote wa herufi hizi uko kwenye pembe.