Kabla Hujashika Bahasha

Usiku ule ukumbi ulifurika, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuandika kadi za washindi na kumkabidhi mshereheshaji zikiwa zimepangwa. Kwenye kipengele cha mwigizaji chipukizi wa kike niliandika jina la kwanza peke yake, kwa kuwa kadi ilikuwa ndogo na mimi nilijua ninayemkusudia. Mshereheshaji akasoma kama nilivyoandika. Wakasimama wasichana wawili. Asiyekuwa mshindi ndiye aliyekaa karibu na jukwaa, akatangulia kufika, na mama yake alikuwa ameshapiga vigelegele na kufungua khanga amtandikie mwanawe apite juu yake. Jina la filamu lilipotajwa, vigelegele vikakatika. Mama akaikunja ile khanga polepole, pembe kwa pembe, bila kuinua macho. Mpaka leo nikiandika kadi naiona mikono yake.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii: makatibu wa majaji, wapanga ratiba, waandika kadi, mnaosimama nyuma ya pazia na bahasha mkononi. Baada ya usiku ule nilianza kusoma jinsi waliotutangulia walivyofanya, nikajikuta nazama kwenye tuzo za Oscar za miaka ile ya Hollywood filamu zilipoanza kusema, tangu 1929 hadi katikati ya miaka ya 1930. Sikutafuta habari za nyota. Nilimtafuta mtu wa kazi yangu, yule mwenye orodha na kalamu, nijue alijikwaa wapi.

Kosa langu nililikuta huko huko. Tarehe 16 Machi 1934, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, mshereheshaji alikuwa Will Rogers, mchekeshaji aliyependwa Marekani nzima. Ilipofika zamu ya mwongozaji bora, walioteuliwa walikuwa watatu, na wawili kati yao waliitwa Frank: Frank Capra na Frank Lloyd. Rogers alimsifu mshindi kama rafiki yake wa siku nyingi, kisha akasema aje aichukue, Frank! Capra akainuka. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba alikuwa akipenya kati ya meza huku akipunga mkono ili taa imwone, na taa ikageukia upande wa pili wa ukumbi, kwa Frank Lloyd. Ikabidi arudi kwenye kiti chake huku waliokuwa nyuma wakimpigia kelele akae chini, anawaziba. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Februari 1935, alishinda kweli kweli, lakini ile safari ya kurudi kitini hakuisahau maisha yake yote.

Angalieni kwamba Rogers hakudanganya wala hakusoma vibaya. Alimwita mtu kwa jina lake la nyumbani, kama tunavyoitana sisi kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomuumiza mtu mwingine. Kwa hiyo kwenye kadi zangu jina la filamu hutangulia, mtu hufuata, na jina lake huandikwa lote kama anavyolitumia mwenyewe. Filamu ikitangulia, kila aliyeko ukumbini ameshajua kama azuie pumzi au aiachie kabla hajainuka kitini. Na usiku wa kuamkia sherehe nakaa na mshereheshaji, anasoma kadi zote kwa sauti, moja baada ya nyingine. Jina linalomtatiza namwandikia kwa matamshi, baada ya kumpigia simu mwenyewe anitamkie. Mshereheshaji akikuambia hahitaji mazoezi, kwamba ameshaongoza harusi mia, usikubali. Harusini kuna bwana harusi mmoja.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kazi yetu haianzii kwenye kadi. Huanza siku mnapoandika vipengele.

Sherehe ya kwanza ya tuzo hizi ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 kwenye hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Walikuwapo watu wapatao 270, tiketi dola 5, na ugawaji wenyewe ulichukua kama dakika 15. Haukuhitaji zaidi, maana washindi walikuwa wametangazwa tangu Februari. Mwigizaji bora wa kiume, Emil Jannings, hakuwapo kabisa. Alikuwa ameshapewa sanamu yake akaondoka nayo kurudi Ujerumani. Ukiitazama kwa juu juu unaiona ni shughuli nyepesi. Kumbe mezani kwa majaji kulikuwa na swali zito ambalo nafikiri hakuna kamati iliyowahi kupewa jingine kama hilo.

Filamu walizokuwa wakizipima zilitoka kati ya Agosti 1927 na Julai 1928. Katikati ya miezi hiyo, Oktoba 1927, kampuni ya Warner Bros. ilitoa The Jazz Singer, na watazamaji wakamsikia Al Jolson akiimba na kuzungumza kwenye skrini. Utaipimaje filamu yenye sauti dhidi ya filamu za kimya? Ukiiweka pamoja nazo, huenda ikazimeza kwa sababu ya maajabu yake tu. Ukiitupa nje, umejifanya huoni kitu kikubwa kilichotokea mwaka ule. Waliamua kuiondoa kwenye kinyang'anyiro cha filamu bora wakisema si haki kwa nyingine, halafu wakawapa Warner Bros. tuzo ya heshima kwa kuitengeneza. Mimi naona waliamua vizuri. Wengine watasema walikwepa, lakini nimekaa kwenye vikao ambako filamu iliyopigwa kwa simu iliwekwa fungu moja na filamu yenye kikosi kizima cha mafundi, na nimeona majaji wakibishana usiku kucha juu ya vifaa badala ya hadithi. Mpaka wa kipengele ukichorwa filamu zikiwa zimeshapokelewa, kila mstari utaonekana umechorwa kwa ajili ya mtu fulani. Uchoreni kabla hamjapokea hata filamu moja.

Walikosea mahali pengine, na hilo pia tujifunze. Waliweka tuzo mbili za juu, moja ya filamu bora iliyokwenda kwa Wings, nyingine ya filamu ya kipekee na ya kisanaa iliyokwenda kwa Sunrise. Ni nani atakayekueleza tofauti yake bila kujiumauma? Mwaka uliofuata ile ya pili ikafutwa, na baadaye ikaamuliwa kwamba tuzo kubwa ilikuwa ile ya Wings. Waliotengeneza Sunrise waliondoka ukumbini wakijua wamefika kileleni, kumbe kilele kilikuja kuhamishwa wakiwa wameshashuka.

Kipengele kinachonigusa kuliko vyote ni cha mwandishi wa maneno ya skrini, yale maandishi yaliyokuwa yakitokea katikati ya filamu za kimya kueleza mtu amesema nini. Mwaka huo tuzo ilikwenda kwa Joseph Farnham. Sherehe ya pili, tarehe 3 Aprili 1930, vipengele vilipunguzwa kutoka 12 hadi 7, na hicho hakikuwamo tena wala hakijarudi. Filamu zilikuwa zimeanza kusema zenyewe. Na sherehe ya tatu, Novemba 1930, ikaja tuzo mpya ya kurekodi sauti, iliyokwenda kwa idara ya sauti ya kampuni ya filamu ya MGM chini ya Douglas Shearer, usiku ule ule dada yake Norma Shearer alipotwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mkikaa kupitia orodha ya vipengele vyenu kila mwaka, msifute kwa haraka ya kubana ratiba. Kila mstari hapo una watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Ukifuta, wapigieni simu wenye fani hiyo kabla hawajasoma tangazo.

Kuhusu majaji nitasema kwa ufupi. Katika sherehe ya pili uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa majaji watano, mmoja kwa kila tawi la chama cha watu wa filamu kinachotoa tuzo hizi. Mwigizaji bora wa kike akawa Mary Pickford, mmoja wa waanzilishi wa chama chenyewe na mke wa Douglas Fairbanks aliyekuwa rais wake wa kwanza. Inasimuliwa kwamba kabla ya uamuzi aliwaalika majaji nyumbani kwake kunywa chai. Manung'uniko yakawa mengi, na baada ya hapo kura ikapewa wanachama wote. Nyinyi mtaalikwa pia, si lazima kwa ubaya, maana kwetu mgeni hanyimwi chai. Jibu langu huwa ni kwamba nitakuja kwa furaha wiki moja baada ya sherehe.

Halafu kuna hesabu ya kura. Tarehe 18 Novemba 1932 Fredric March aliitwa, akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Hesabu ikatazamwa tena, ikaonekana Wallace Beery amepitwa kwa kura moja tu, na kanuni ya wakati huo ilisema tofauti ndogo namna hiyo ni sare. Ikabidi itafutwe sanamu nyingine haraka, Beery naye akaitwa. Baadaye kanuni ikabadilishwa: sare ni kura zilizolingana kabisa. Anayehesabu awe na kanuni ya sare mbele yake, imeandikwa, na bahasha isifungwe mpaka aisome. Wekeni na tuzo ya akiba, hata kama mweka hazina atalalamika.

Lakini kuna jambo jingine kwenye kisa hicho ambalo sijaona likisemwa. Beery alipewa tuzo sawasawa na mwenzake, ila kwa kuwa hesabu ilitoka nje, miaka zaidi ya 90 baadaye kila anayesimulia, nami hapa nikiwamo, anaanza na ile kura moja aliyopungukiwa. Zile namba zimemganda. Waandaaji wa Oscar walijifunza pole pole juu ya siri: kwa miaka kadhaa waliyapa magazeti matokeo mapema kwa ahadi ya kutoyachapa hadi saa 5 usiku, mpaka mwaka 1940 Los Angeles Times ilipoyatoa kabla ya muda, na waalikwa wakaweza kuwasoma washindi wakiwa njiani kuingia ukumbini. Bahasha iliyofungwa kwa siri ilianza mwaka uliofuata. Bahasha inalinda usiku mmoja. Karatasi ya kura unailinda wewe, siku zote.

Asubuhi ya pili baada ya kosa langu nilikwenda nyumbani kwa yule binti kuomba radhi. Mama alinikaribisha, akanimiminia chai, hakunigombeza hata kidogo, na hilo lilinielemea zaidi. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, binti asisikie: "Mwanangu, niambie ukweli tu. Alikuwa wa ngapi?"

Nilikuwa najua. Nikamwambia siruhusiwi kusema, mama, akaitikia kwa kichwa, akanisindikiza mpaka barabarani.